Kabla ya kununua skana, kagua kwanza bidhaa zako

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara anayeamua kuweka kompyuta dukani au kwenye godauni hujikuta mapema mbele ya kabati la muuza vifaa, akitazama skana za kila sura: ndogo za waya, kubwa za kuwekwa juu ya kaunta, nyingine zenye umbo la bastola na nyingine zinazofanana na simu. Swali la kwanza analouliza huwa ni moja: bei gani?

Swali hilo ni halali, lakini linakuja mapema mno. Skana ya bei ndogo inaweza kufanya kazi miaka mingi mahali fulani, na skana hiyohiyo ikawa hasara mahali pengine. Skana ya bei kubwa nayo inaweza kusoma kila kitu huku hesabu ya mali ikiendelea kupotea. Jambo la kushika katika somo hili ni kwamba skana huchaguliwa kwa kuanzia kwenye bidhaa. Tazama alama zilizopo kwenye mali yako, tazama mfanyakazi atasimama umbali gani, kisha uliza programu yako itaifanyia nini namba iliyosomwa. Bei ije baadaye.

BAKODI INABEBA NINI

Bakodi ni ile alama ya mistari myeusi na nafasi nyeupe iliyochapwa kwenye pakiti. Wazo lake lilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1952, lakini bidhaa ya kwanza kusomwa kaunta kwa mfumo unaotumika hadi leo ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's, Juni 26, 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio.

Bidhaa nyingi za rejareja zinazouzwa kwetu zina bakodi ya tarakimu 13. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha ni tawi lipi la shirika la kimataifa la GS1 lililotoa namba: 620 ni Tanzania na 616 ni Kenya. Wengi hudhani tarakimu hizo zinaeleza nchi ilikotengenezwa bidhaa. Sivyo. Zinaeleza tu mwenye namba alijisajili wapi. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: inapatikana kwa hesabu inayotumia zile 12 zilizotangulia, na skana ikisoma vibaya hesabu haikubali, hivyo namba hukataliwa. Keshia anayechapa namba kwa vidole hukosea mara nyingi kuliko mashine, na hiyo ndiyo faida ya kwanza ya skana.

La kukumbuka zaidi ni hili: bakodi hiyo haina bei ndani yake, haina jina la bidhaa wala idadi iliyobaki stoo. Ni namba tu. Bei, jina na idadi vimo kwenye programu ya mauzo. Kwa hiyo anayenunua skana kabla ya kuwa na programu na orodha safi ya bidhaa amenunua jicho lisilo na kumbukumbu.

Ipo pia alama ya mraba yenye vidoti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la QR. Ilibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Ndugu yake wa karibu, DataMatrix, unaonekana kwenye maboksi mengi ya dawa. Alama hizi hubeba habari nyingi kuliko mistari, zikiwamo namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. GS1 imeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 kaunta za maduka duniani ziweze kusoma alama za mraba sambamba na za mistari.

AINA TATU ZA SKANA

Aina ya kwanza ni ya leza. Hupiga mstari mwembamba mwekundu juu ya bakodi. Ni ya haraka, na zipo zinazosoma kwa mbali. Udhaifu wake ni mitatu: husoma mistari tu, kwa kawaida haisomi alama iliyo kwenye kioo cha simu, na nyingi zina kioo kidogo kinachocheza ndani, ambacho huathirika skana ikianguka.

Aina ya pili hutumia taa na safu moja ya vihisi vya mwanga. Nayo husoma mistari tu, na nyingi za bei ya chini zinataka uisogeze karibu na bidhaa. Haina sehemu inayocheza, hivyo huvumilia zaidi. Kwa duka dogo linalouza bidhaa zenye mistari peke yake, hii inatosha.

Aina ya tatu hupiga picha ya alama nzima kama kamera. Husoma mistari na mraba, husoma bidhaa ikiwa imegeuzwa upande wowote, husoma kwenye simu ya mteja, na mara nyingi hufaulu kusoma alama iliyochanika kidogo. Kwa mtu anayenunua leo akitarajia kuitumia miaka mitatu au minne, aina hii ndiyo ya kufikiriwa kwanza, hasa kwa duka la dawa, vipodozi au vyakula vinavyoharibika.

Lakini uwezo huo una upande wa pili. Bidhaa moja inaweza kuwa na alama mbili au tatu: bakodi ya mauzo, QR ya matangazo ya kiwanda, na stempu ya kielektroniki ya ushuru kama zile ambazo TRA ilianza kuzisimamia mwaka 2019 kwenye vinywaji na sigara. Skana inayosoma kila kitu inaweza kuleta kwenye kompyuta namba ambayo si ya mauzo. Mwambie muuzaji azime aina za alama usizozihitaji. Hufanyika kwa kusoma kurasa maalumu za kijitabu kinachokuja na mashine. Usikitupe kijitabu hicho.

UMBALI NA KARATASI YA SIFA

Muuzaji akikwambia skana yake inasoma mita moja, muulize: bakodi ya ukubwa gani? Kadiri mistari inavyokuwa minene ndivyo inavyosomeka kwa mbali. Kwenye bidhaa ya rejareja, mstari mwembamba kabisa una upana wa kawaida wa milimita 0.33. Kwenye katoni unaweza kufika milimita 1.016. Skana moja basi inaweza kusoma katoni kwa mbali na kushindwa kusoma pakiti ndogo kwa umbali huohuo.

Karatasi za sifa hutumia kipimo kinachoitwa mil, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, sawa na milimita 0.0254. Ukiona "13 mil" ujue inazungumzwa bakodi ya kawaida ya rejareja. Tafuta mstari huo kwenye jedwali la umbali, usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi, kwani mara nyingi hiyo ni ya bakodi nene kuliko zako.

Aidha, tazama urefu wa kuanguka. Watengenezaji hueleza skana inavumilia kuanguka kutoka mita 1.2, 1.5 au zaidi juu ya zege. Mezani mita 1.2 inatosha. Kwa mtu aliye juu ya ngazi ya godauni haitoshi. Tazama pia herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. IP54 huzuia vumbi la kudhuru na marashi ya maji. IP65 haiingizi vumbi kabisa na hustahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Anayehifadhi saruji au unga asiipuuze tarakimu ya kwanza.

KAUNTA NA GODAUNI SI KAZI MOJA

Kaunta inataka kasi. Keshia anashika bidhaa kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine, na foleni inasubiri. Hapo skana ya kusimama mezani inayosoma pande zote bila kubonyeza kitufe hulipa gharama yake kwa haraka. Kama duka linauza pia mizigo mizito, kama magunia ya mchele au madumu ya mafuta, iwepo na ya mkononi ili keshia aifuate bidhaa badala ya kuinyanyua.

Waya wa USB ni rahisi na hauhitaji chaji. Skana nyingi za namna hii hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: hutuma tarakimu, kisha hubonyeza "Enter". Njia ya kuijaribu ni kufungua ukurasa mtupu wa kuandikia na kusoma bidhaa yoyote. Namba ikionekana, skana ni nzima, na tatizo lolote litakalobaki litafutwe kwenye programu.

Godauni linataka kitu kingine. Mfanyakazi anatembea kati ya mirundo, anapanda, anashuka na kuhesabu. Waya haufai. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni skana ya Bluetooth. Zile za kawaida hufika kama mita 10 na zenye nguvu zaidi hutajwa kufika mita 100 mahali pa wazi, lakini kuta na rafu za chuma hupunguza umbali huo. Ya pili ni skana yenye kumbukumbu, ambayo huhifadhi namba na kuzimimina kwenye kompyuta mfanyakazi akirudi ofisini. Hii inafaa kwa kuhesabu mali na hukuepusha na gharama za mtandao wa ndani. Ya tatu ni kompyuta ndogo ya mkononi yenye skana ndani yake na kioo kinachomwonyesha mfanyakazi jina na idadi papo hapo. Ni ghali zaidi, na inastahili pale ambapo mizigo mingi inaingia na kutoka kila siku na makosa ya kupakia yanaleta ugomvi na wateja.

Kwa upande wa umeme, skana ya waya hupata nguvu kwenye kompyuta. Umeme ukikatika na kompyuta ikazima, skana nayo imezima. Ukipanga bajeti ya skana ya kaunta, ipange pamoja na betri ya akiba ya kompyuta. Kwa zile za chaji, uliza kama betri inauzwa peke yake. Isiyobadilishika ikichoka, umenunua mashine mpya.

Mwenye duka dogo lenye wateja wachache anaweza kuanza na kamera ya simu na programu yake. Ni polepole kwa foleni, lakini yatosha kuhesabu stoo jioni, na humfundisha mwenye duka nidhamu ya kumbukumbu kabla hajatoa fedha nyingi.

KATONI NDIPO HASARA INAPOINGIA

Hapa wauzaji wa jumla wasome kwa makini. Kipande kimoja cha sabuni kina namba yake. Katoni ya sabuni hiyohiyo kwa kawaida ina namba nyingine, mara nyingi ya tarakimu 14. Skana itazisoma zote mbili bila kosa. Swali ni kama programu inajua kwamba namba ya pili ni vipande 24.

Tuchukulie kipande kinauzwa shilingi 1,000, na karani aliyeingiza bidhaa aliisajili namba ya katoni kama kipande kimoja. Mteja akinunua katoni, kompyuta itadai shilingi 1,000 badala ya 24,000. Keshia mwaminifu atashtuka. Keshia asiye mwaminifu atakaa kimya, na kila katoni itaondoka na shilingi 23,000 za mtaji wako huku risiti ikiwa halali na droo ya fedha ikilingana. Upande wa kupokea nako, katoni 10 zitaingia kwenye vitabu kama vipande 10 badala ya 240, na baada ya siku mbili taarifa ya stoo itaonyesha idadi iliyo chini ya sifuri.

Hasara hiyo haitibiwi kwa skana ya bei kubwa. Inatibiwa na mtu mmoja aliyekabidhiwa kusajili bidhaa mpya, ambaye si keshia, na anayejaza idadi ya vipande kwa kila katoni kabla mzigo haujapangwa.

Lipo na kosa la sifuri. Bidhaa kadhaa za Marekani zina bakodi ya tarakimu 12. Skana moja inaweza kuituma kama ilivyo, nyingine ikaongeza sifuri mbele ili zifike 13. Duka lenye skana mbili zilizopangwa tofauti litakuwa na bidhaa moja yenye majina mawili, na hesabu yake haitalingana kamwe. Skana zote za biashara moja zipangwe namna moja. Vilevile, anayehifadhi orodha kwenye jedwali la kompyuta aipange safu ya bakodi kuwa maandishi, si hesabu, la sivyo sifuri za mbele zitafutika.

BIDHAA ZISIZO NA ALAMA

Sukari ya kupima, maharage, nguo, vipuri na kandambili mara nyingi huja bila bakodi. Mwenye duka anaweza kuchapa lebo zake mwenyewe. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani kama hayo, na hazigongani na za viwanda. Lakini namba hizo ziishie dukani kwako. Mzalishaji anayetaka kuuza kwenye maduka ya wengine ajisajili GS1 apate namba yake. Asiazime ya jirani.

Katika uchapaji, epuka mistari myekundu. Skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo wino mwekundu huonekana kama mweupe, hivyo hakuna kinachosomwa. Nyeusi juu ya nyeupe ndiyo salama. Acha pia nafasi tupu kulia na kushoto kwa mistari. Lebo zinazochapwa kwa joto bila utepe wa wino hufifia zikikaa juani au mahali pa joto. Zinafaa kwa bidhaa inayotoka ndani ya siku chache. Kwa rafu za godauni, tumia printa yenye utepe.

HESABU YA GHARAMA

Namba zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Skana A ni shilingi 60,000 na skana B ni shilingi 250,000. Kaunta, ikiwa juu ya stendi na haianguki, A inadumu miaka mitatu: gharama ni 60,000. Kununua B mahali hapo ni kufunga shilingi 190,000 ambazo zingenunua mali.

Sasa ipeleke A godauni, ambako inaanguka kila wiki na kufa baada ya miezi minane. Kwa miezi 36 utahitaji tano, yaani shilingi 300,000, bila kuhesabu siku ambazo lori limesubiri. B iliyotengenezwa kwa mazingira hayo ikidumu miaka mitatu, ndiyo rahisi. Kwa hiyo usiulize skana ipi ni rahisi kabla hujasema itakaa wapi.

Majina makubwa kama Zebra, Honeywell na Datalogic yana sifa ya vipuri na maelekezo ya kutosha, na skana nyingi za bei nafuu kutoka China hufanya kazi ya kaunta vizuri. Kwa lolote utakalochagua, uliza dhamana inatekelezwa hapa nchini au mashine inasafirishwa nje, na utatumia nini wakati unaisubiri.

JARIBIO KABLA YA KULIPA

Usikubali kujaribishiwa bakodi safi iliyo kwenye boksi la skana yenyewe. Chukua bidhaa 20 ngumu kutoka kwako: pakiti inayong'aa, kichupa chembamba cha dawa, chupa ya maji yenye umande wa friji, katoni iliyochubuka, bidhaa iliyofungwa kwa plastiki, lebo uliyochapa mwenyewe na alama kwenye simu. Soma kila moja mara tano. Andika ngapi zimesomwa mara ya kwanza na ngapi zimeleta namba isiyo sahihi. Inayokataa kusoma inachelewesha, lakini inayoleta namba ya bidhaa nyingine inaiba. Ukiweza, iazime kwa siku moja ya kazi, maana keshia wako atagundua kwa saa nane mambo ambayo wewe hutayaona kwa dakika kumi.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Msomaji anayefikiria kuweka fedha katika duka au godauni la mtu mwingine anaweza kulitumia somo hili kama ukaguzi. Asivutiwe na kuona skana zinawaka taa. Achague bidhaa kumi rafuni mwenyewe, aombe zisomwe, kisha alinganishe idadi iliyo kwenye kompyuta na iliyo rafuni. Asome kipande na katoni yake, aone kama bei zinapishana inavyopasa. Aulize nani ana ruhusa ya kubadili bei na kusajili bidhaa mpya. Kama idadi hazilingani na hakuna anayeweza kueleza kwa nini, basi faida iliyo kwenye vitabu nayo isiaminiwe, kwani hesabu ya faida huanzia kwenye mali iliyobaki.

Anayeanza wiki hii, aanze na karatasi na kalamu. Apite rafuni aandike bidhaa zenye mistari ni ngapi, zenye mraba ni ngapi, zisizo na alama ni ngapi, na katoni zipi zina namba yake tofauti. Orodha hiyo haigharimu kitu, na ndiyo ya kwenda nayo kwa muuza skana.